Mbio si Adhabu: Juma la Mkimbiaji Mwenye Kazi Zake

Katika shule zetu nyingi za sekondari mwanafunzi hukutana na mbio kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mashindano: wachache waliojaliwa wepesi huteuliwa, wakapelekwa wilayani na hata mkoani, na wenzao wote wakabaki kandokando ya uwanja kuwashangilia. Njia ya pili ni adhabu: aliyechelewa mstarini huamriwa kuuzunguka uwanja mara kumi, na aliyepiga kelele darasani huruka kichura mpaka magoti yamtetemeke. Kwa hiyo kijana amalizapo kidato cha nne huwa amekwisha kufundishwa, ingawa hakuna aliyekusudia kumfundisha hivyo, kwamba kukimbia ama ni kazi ya bingwa ama ni malipo ya mkosaji. Mtu wa kawaida, mwenye kazi yake, nyumba yake na kipande chake cha shamba, hana mahali katika somo hilo.

Maoni yetu ni kwamba mahali pake papo, tena ni pakubwa kuliko pale pa bingwa. Fauka ya hayo, maarifa yanayohitajika ili mtu huyo akimbie kwa faida na usalama si siri ya makocha. Ni biolojia, fizikia na hesabu zilezile zinazoandikwa ubaoni kila siku na kusahauliwa baada ya mtihani. Ndiyo maana jambo hili lafaa lizungumzwe katika jarida la sayansi, wala lisiachiwe kurasa za michezo peke yake.

Tumchukue mtu mmoja wa mfano. Ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, umri wake unakaribia miaka 40 na uzito wake ni kilo 60. Hatafuti medali. Ameazimia tu kukimbia katika vijia vya miguu vinavyopanda safu ya milima ya Uluguru nyuma ya mji, naye anataka kuendelea kufanya hivyo mwaka hata mwaka bila kuumia na bila kuiba saa za kazi yake au za watoto wake. Mji wa Morogoro uko kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vya milima hiyo hupita mita 2,600; kwa hiyo mpando hautampungukia. Yafaa tukumbuke kwamba vijia hivyo havikuchimbwa kwa ajili ya wanamichezo. Ni njia za Waluguru washukao alfajiri na ndizi, mboga na matunda kwenda sokoni, kisha wakapanda tena na chumvi, sabuni na mafuta. Mkimbiaji ni mgeni humo, na adabu ya kwanza ya mgeni ni kumpisha mwenye mzigo na kumwamkia.

Mwalimu wetu akifungua vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa Ulaya au Marekani, atakuta ratiba zilizopangwa siku kwa siku kana kwamba msomaji, akishavua viatu vyake, hana jambo jingine duniani. Humo mna nasaha nyingi juu ya giza la majira ya baridi, jambo lisilomhusu hata kidogo mtu anayeishi karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, ambako tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja. Wala humo hamna neno lolote juu ya masika, wakati udongo mwekundu wa mlimani unapogeuka utelezi. Ratiba ya kukopa haimfai. Hana budi kujitungia yake, na kipimo cha kuitungia si siku bali ni juma zima, pamoja na kila kazi iliyomo ndani yake.

Sababu ya kushika juma badala ya siku ni ya kibiolojia. Watu wengi huamini kwamba mazoezi huujenga mwili. Kwa kweli zoezi lenyewe huuchosha mwili na kuupunguzia akiba. Kinachojenga ni mapumziko na chakula vinavyofuata. Ushahidi mmoja mzuri sana ulitoka Sweden mwaka 1966. Wataalamu wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia majaribio wao wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja ya maabara, kila mmoja akizungusha pedali kwa mguu mmoja tu huku mguu wa pili ukipumzika, mpaka wakachoka kabisa. Kisha kwa siku tatu walikula chakula chenye wanga mwingi, wakawa wanatoa vipande vidogo vya misuli ya mapaja yao na kuvipima. Glaikojeni, yaani wanga unaowekwa akiba ndani ya misuli, ilikuwa karibu imekwisha katika mguu uliofanya kazi. Lakini baada ya mlo na mapumziko ilipanda, ikawa karibu mara mbili ya ile ya mguu uliokaa bure. Damu ilikuwa ileile na chakula kilekile, ila mguu ulioombwa kazi ndio ulioweka akiba.

Mwaka uliofuata, huko Marekani, John Holloszy alionyesha kwamba misuli ya panya waliozoezwa kukimbia kwa majuma kadhaa ilikuwa na uwezo wa kutumia oksijeni uliokaribia mara mbili ya ule wa panya waliokaa tu, kwa kuwa mitokondria zao, zile karakana ndogo za nishati ndani ya chembe hai, zilikuwa zimeongezeka. Ongezeko hilo halikuja kwa siku moja. Mwenye haraka na aliangalie jambo hilo vizuri: mwili hauna ratiba ya dharura.

Hayo yakikubaliwa, twaweza kuliingia juma la mwalimu wetu. Jumatatu hakimbii kabisa, maana jana yake, kama tutakavyoona, alikuwa mlimani. Jumanne hutoka saa kumi na mbili asubuhi, akakimbia dakika 40 kwenye njia za chini zenye mwinuko mdogo, kwa mwendo wa taratibu kiasi kwamba mpita njia mwenye dharau aweza kumcheka. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kijana akiambiwa akimbie, huondoka kama aliyefumaniwa, na baada ya dakika tano amekaa chini akihema. Kipimo sahihi ni rahisi, nacho hakihitaji chombo: mkimbiaji awe anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi. Akishindwa, apunguze mwendo, na mahali pa mpando mkali atembee. Kutembea si aibu.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mazoezi ya wazee. Na amtazame basi Arthur Lydiard wa New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1917. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, na kwa muda alisambaza maziwa usiku ili kujiongezea kipato. Alijifanyia majaribio barabarani kwa miaka mingi, akagundua kwamba wingi wa mbio za wastani ndio msingi wa kasi. Vijana wa mtaani kwake mjini Auckland wakamfuata. Kila Jumapili walizunguka njia ya vilima vya Waitakere yenye urefu wa maili 22, yaani kilometa 35 hivi, na Jumatatu wakarudi kazini kama watu wengine. Peter Snell, kwa mfano, alikuwa mkadiriaji wa gharama za majengo. Tarehe 2 Septemba 1960, katika michezo ya Olimpiki mjini Roma, Snell alishinda mbio za mita 800, na muda mfupi baadaye siku hiyohiyo mwenzake Murray Halberg akashinda mita 5,000. Siku nane baadaye Barry Magee, wa kundi hilohilo, akawa wa tatu katika marathoni ile ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia aliishinda bila viatu. Wasomaji wetu watakumbuka pia kwamba ni katika nchi hiyohiyo ya New Zealand, mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2.

Lakini kwa maoni yetu kazi kubwa zaidi ya Lydiard haikuwa hizo medali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwakusanya watu wazima wa Auckland, wengine wao wenye maradhi ya moyo, akawafundisha kukimbia polepole kwa sharti moja: pasiwe na mashindano, na kila mtu awe anaweza kuzungumza na mwenzake. Mwishoni mwa mwaka 1962 kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Bill Bowerman, alizuru huko, akaona wazee wakimwacha nyuma kwenye vilima, akaupeleka utaratibu huo Marekani. Mwaka 1967, pamoja na daktari wa moyo W. E. Harris, alitoa kitabu kilichozagaza mbio za taratibu katika nchi ile. Kwa hiyo mbio za mtu wa kawaida hazikuzaliwa maabara wala kwenye viwanja vya mabingwa. Zilizaliwa miongoni mwa watu waliokuwa wakiwahi kazini.

Jumatano ndiyo siku ya mlima, nayo yafaa tukae juu yake kidogo, maana ina fizikia nyingi. Tuseme mwalimu wetu anapanda mita 400 kwenda juu. Kazi anayofanya dhidi ya mvutano wa dunia ni uzito kwa kimo: kilo 60 mara 9.8 mara mita 400, jumla jouli 235,200. Misuli ya binadamu, kama injini yoyote, hupoteza sehemu kubwa ya nishati kwa joto. Yapata robo tu ndiyo hugeuka kazi. Kwa hiyo mwili utatumia karibu kilojouli 940, yaani kilokalori 225 hivi. Sasa tulinganishe. Mtaalamu wa Italia Rodolfo Margaria na wenzake walipima, katika makala ya mwaka 1963, kwamba kukimbia mahali tambarare hugharimu karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa kila kilometa, haidhuru mtu aende mbio au pole. Kwa mwalimu wetu hiyo ni kilokalori 60 kwa kilometa. Maana yake ni kwamba zile mita 400 za kwenda juu, hata kabla ya kuhesabu urefu wa njia, zimemgharimu sawa na kukimbia karibu kilometa 4 tambarare.

Ndiyo maana anayehesabu kilometa peke yake mlimani hujidanganya. Kilometa 6 za mjini na kilometa 6 za mlimani si kitu kimoja, na ahesabuye kwa dakika hukaribia ukweli zaidi. Wapanda milima walilijua jambo hili zamani: mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni kwamba mtembezi ajihesabie saa moja kwa kila maili 3, na juu yake aongeze saa moja kwa kila futi 2,000 za mpando. Kanuni hiyo yatumika hata leo. Na kwa wale wanaodhani kwamba jasho la mlimani lahitaji unga wa kopo na vinywaji vya rangi, ile kilokalori 225 yapatikana katika gramu 60 hivi za unga wa mahindi. Ugali, wali, viazi, ndizi na maharage vyatosha kabisa.

Kushuka ndiko kwenye hila. Ashukapo, mkimbiaji huhisi kwamba mapafu yake yamepumzika, akadhani kwamba na miguu nayo imepumzika. Sivyo. Msuli wa mbele ya paja hulazimika kuvutana huku ukirefushwa, mfano wa mtu ashikiliaye kamba ya ndoo nzito inayoteremka kisimani, na mvutano wa namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo za msuli. Maumivu hayaji papo hapo, bali huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Walimu wengi bado huwafundisha wanafunzi kwamba maumivu hayo husababishwa na asidi ya laktiki iliyobaki misulini. Fundisho hilo lifaa lifutwe ubaoni. Laktiki hurudi katika kiwango chake cha kawaida muda wa saa moja hivi baada ya mazoezi, ilhali maumivu huanza kesho yake. Haiwezekani mgeni aliyeondoka jana awe ndiye anayegonga mlango leo. Jambo la kutia moyo ni kwamba msuli ukishaonja mteremko mara moja, kwa majuma kadhaa baadaye huumia kidogo sana kwa kazi ileile. Kwa hiyo mwalimu wetu alianza kwa miteremko mifupi, na mpaka leo hatii mteremko mrefu katika siku mbili zinazotangulia Jumapili.

Na hapa twarudi kwenye kichura. Kuruka kichura ni kuwafanyisha kazi hiyohiyo ya kurefushwa chini ya uzito vijana ambao misuli yao haijazoea, tena bila kikomo isipokuwa hasira ya anayehesabu. Madaktari wanaijua hali ambamo misuli iliyofanyishwa kazi ngeni kupita kiasi huvunjika, mada zake zikamwagika katika damu, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, na figo zikaweza kushindwa kazi. Hutokea kwa nadra, lakini imetokea kwa askari na wanafunzi wa nchi mbalimbali baada ya kuchuchumaa na kuruka mara nyingi mno, na joto na upungufu wa maji huizidisha. Mwalimu anayetoa adhabu hiyo hafikirii figo, anafikiri nidhamu. Basi na afikiri tena. Hata tukiweka hatari hiyo kando, hasara ya pili yabaki: mwanafunzi aliyeonja mbio kama fedheha hatarudi kwake kwa hiari afikapo miaka 40, wakati shinikizo la damu na kisukari vitakapoanza kumtafuta. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima kupata dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na vijana wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kwa siku. Shule ndiyo mahali pa kuupanda mwenendo huo. Tunaupanda, au tunaung'oa?

Alhamisi na Ijumaa hazina mengi. Alhamisi hukimbia dakika 30 za taratibu kama hana rundo la madaftari ya kusahihisha. Akiwa nalo, hakimbii, wala hatafuti siku ya kulipa deni hilo. Tunalisisitiza neno hili kwa sababu wenye bidii ndio wanaoumia: mbio iliyokosekana haidaiwi. Ijumaa ni ya kupumzika na kulala mapema. Usingizi hauna mbadala, na mtu aliyelala saa nne ajue kwamba mwendo wake wa jana umekuwa mzito zaidi leo.

Jumamosi kwa kawaida huandikwa katika ratiba za kigeni kama siku ya mazoezi. Mwalimu wetu huenda shamba. Hulima saa tatu au nne, akarudi na mzigo wa kuni au mihogo begani. Je, aandike nini katika daftari lake la mazoezi? Sisi twasema aandike: kazi nzito, saa nne. Misuli haiulizi kama jembe ni mchezo. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa watumishi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi mchana kutwa, walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo mara chache kuliko madereva waliokaa kitini. Hakuna kondakta aliyejiita mwanamichezo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ulitoka Nairobi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya mwanasayansi wa Kenya Geoffrey Maloiy na wenzake, waliopima oksijeni iliyotumiwa na wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wakiwa wamebeba mizigo. Ilionekana kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo ufikao asilimia 20 ya uzito wao bila gharama yoyote ya ziada kuliko kutembea mikono mitupu, jambo ambalo askari wenye shanta hawakuliweza. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 1995, ulieleza kwamba mwendo wao hubadilishana nishati ya kimo na ya kasi kwa ufanisi zaidi, kama timazi ya saa ya ukutani. Mama anayeteremka Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani huenda basi anaifahamu fizikia ya mwendo kwa mwili wake kuliko mkimbiaji mwenye raba mpya anayempita.

Lakini tusiufanye mfano huo kuwa kisingizio. Wapo wasemao kwamba Mwafrika hahitaji mazoezi kwa kuwa anafanya kazi ngumu. Kwa mkulima wa mlimani usemi huo una ukweli, naye kumshauri aongeze mbio juu ya jembe ni mzaha. Kwa karani, mwalimu, dereva na mwanafunzi wa bweni ni maneno ya jana. Wengi wetu tumehama jembe bila kuhama chakula cha mwenye jembe.

Jumapili ndiyo siku ya mbio ndefu. Huondoka kabla ya jua, akapanda na kushuka kwa muda wa saa mbili, huku sehemu nzuri ya mpando akiitembea. Huondoka mapema kwa sababu zile robo tatu za nishati tulizosema zinageuka joto, na joto hilo hutoka hasa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Gramu moja ya jasho ikikauka huchukua kilojouli 2.4 hivi. Jasho linalodondoka chini halijapoza kitu, na katika hewa yenye unyevu wa masika jasho jingi hudondoka. Anywe maji kwa kadiri ya kiu. Zamani wakimbiaji walihimizwa kunywa kwa wingi hata bila kiu, lakini tangu miaka ya 1980 imejulikana kwamba maji mengi kupita kiasi hupunguza kiwango cha chumvi katika damu, na wapo wakimbiaji waliokufa kwa sababu hiyo. Njiani hukutana na watu wanaokwenda ibadani au sokoni. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Na kama hana pumzi ya kuitamka salamu hiyo hadi mwisho, amekwisha kujua kwamba anakwenda kasi mno.

Jumla ya juma lake ni saa nne na nusu hivi za kukimbia na kutembea: dakika 40 za Jumanne, dakika 80 za Jumatano, 30 za Alhamisi na saa mbili za Jumapili. Hatusemi kila mwalimu aige. Mama mwenye mtoto mchanga hana saa mbili za Jumapili, na msichana haachi kufikiria usalama wake katika kijia kitupu alfajiri. Hao na waende kwa makundi, na wenye mamlaka wasidhani kwamba ni uvivu unaowazuia.

Shule zetu zilikuwa na kitu kizuri ambacho baadhi yao zimekiacha kipotee, nacho ni mchakamchaka. Watoto wote walikimbia pamoja alfajiri, kwa mwendo mmoja, wakiimba. Na mtu anayeimba hawezi kukimbia kupita pumzi yake: kanuni ya Lydiard ilikuwa ndani ya wimbo. Tungependa urudi mahali ulipokufa, na pale ulipo utenganishwe kabisa na fimbo. Tena tungependa uingie maabara. Penye kilima karibu na shule, wanafunzi wa hesabu wapime kimo chake kwa kipimapembe, uzi na jiwe. Wa fizikia wapime muda wa kupanda: mwanafunzi wa kilo 50 apandaye mita 30 kwa sekunde 60 ametoa wati 245, karibu thuluthi moja ya nguvu ya farasi mmoja wa injini, naye atalikumbuka jibu hilo kuliko la kitabuni. Wa biolojia wahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 na kuyazidisha kwa 4, mara wafikapo juu na tena baada ya dakika moja. Mwenye pumu, selimundu au maradhi ya moyo asikimbie kabla ya kuonwa na daktari. Yeye ashike saa na daftari. Kipimo cha kwanza kichukuliwe muhula unapoanza, kisha darasa likimbie taratibu mara tatu kwa juma kwa majuma manane, na kipimo cha pili kichukuliwe kwenye kilima kilekile, saa ileile ya asubuhi, kwa mwendo uleule.